Kuhesabu Mashahidi, Si Kurasa: Vyanzo vya Kuaminika vya Mtandaoni katika Utafiti wa Teknolojia ya Habari na Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu anayetakiwa kueleza jinsi kompyuta zinavyofundishwa Kiswahili hawezi tena kulalamika kwamba hana cha kusoma. Akiandika maneno mawili matatu kwenye mtambo wa kutafutia, huletewa kurasa nyingi kuliko atakazoweza kuzimaliza. Shida yake ni nyingine. Akizisoma kurasa hizo kwa makini, aghalabu hukuta kwamba kadhaa kati yake zina sentensi ileile, na wakati mwingine hata kosa lilelile la tahajia. Mtafiti asiye mwangalifu huandika kwamba vyanzo vingi vimekubaliana juu ya jambo hilo. Kwa hakika chanzo ni kimoja tu. Vilivyobaki ni mwangwi.

Mhadhara huu unakusudia kueleza namna ya kukitofautisha chanzo na mwangwi wake. Hoja kuu ni kwamba uaminifu wa habari ya mtandaoni haupimwi kwa idadi ya kurasa zinazoitaja wala kwa uzuri wa tovuti iliyoibeba. Hupimwa kwa uwezekano wa kuifuata habari hiyo hadi kwa aliyeisema kwanza, kuujua ushahidi alioutegemea, na kumjua mtu au chombo chenye uwezo wa kuisahihisha ikiwa ina kosa. Pale ambapo mnyororo huo umekatika, kilichopo ni uvumi, hata kama umeandikwa kwa lugha ya kitaalamu.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Kiswahili. Katika lugha yenye matini nyingi mno mtandaoni, kosa moja humezwa na wingi wa matini sahihi. Katika lugha ambayo matini zake za mtandaoni bado ni chache, kosa lililonakiliwa mara mia huweza kuonekana kuwa ndiyo kanuni. Mtunzi wa kamusi hulichukua kama ushahidi wa matumizi, mwalimu hulifundisha, na mashine hulisoma na kulirudisha kwa watumiaji.

2.0 Funzo kutoka kwa miswada

Tatizo la nakala si geni kwa wanazuoni wa Kiswahili. Tenzi nyingi za kale zimetufikia kupitia miswada ya hati za Kiarabu iliyonakiliwa kwa mkono katika miji ya mwambao. Baadhi ya miswada hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako J. W. T. Allen aliitolea katalogi mwaka 1970. Mingine imo katika maktaba ya SOAS jijini London, pamoja na mikusanyo ya W. E. Taylor na William Hichens.

Mhariri anayeandaa utenzi kwa kulinganisha miswada hujifunza mapema kanuni moja: nakala tatu zilizotokana na mswada mmoja ni shahidi mmoja, si mashahidi watatu. Dalili inayozifichua ni makosa zinazoshirikiana. Ubeti ukirukwa mahali palepale katika nakala zote tatu, ni dhahiri kwamba zina asili moja. Mhariri hutazama pia mwisho wa mswada, mahali ambapo mnakili huweza kuwa ametaja jina lake na tarehe aliyoimaliza kazi. Mswada usio na taarifa hizo hautupwi, lakini kauli yake hupokewa kwa tahadhari.

Kanuni hiyo inafaa vilevile kwa ukurasa wa mtandaoni. Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Kila kauli inayoelea mtandaoni iliundwa na mtu fulani, mahali fulani, kwa kusudi fulani. Kazi ya kwanza ya mtafiti ni kumtafuta muundaji.

Mfano wa Wikipedia unaonyesha jambo hili. Kamusi elezo hiyo ilianzishwa mwaka 2001, na toleo lake la Kiswahili likaanza mwaka 2003. Kwa mtafiti ni mlango mzuri wa kuingilia, hasa kwa sababu ya orodha ya marejeo iliyo chini ya makala na historia ya mabadiliko inayoonyesha nini kiliongezwa na lini. Hata hivyo, mlango si nyumba. Mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu kwa maelfu ya makala ya Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo jirani na Kiingereza, yalikuwa yameandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alichofanya kwa sehemu kubwa ni kuandika Kiingereza kwa tahajia aliyoidhania kuwa ya Kiskoti. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka kadhaa. Mtu aliyehesabu kurasa angeona lugha inayostawi, ilhali aliyetafuta mashahidi angemkuta mmoja tu, naye haijui lugha anayoitolea ushahidi.

3.0 Mahali ukweli wa teknolojia unapozaliwa

Kila taaluma ina mahali ambapo ukweli wake hutangazwa kwa mara ya kwanza. Katika teknolojia ya habari kuna sehemu nne ambazo mtafiti wa lugha anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni hati za viwango. Kanuni zinazoziwezesha kompyuta kuwasiliana katika intaneti zimeandikwa katika mfululizo wa hati zinazojulikana kama RFC, ulioanza mwezi Aprili 1969. Kila hati ina nambari na tarehe yake, na ikishachapishwa haibadilishwi. Yakihitajika marekebisho makubwa, hutolewa hati mpya yenye nambari mpya, na taarifa za hati ya zamani huonyesha kwamba imepitwa. Hati hizi husomwa bila malipo, na ndizo ushahidi wa msingi kwa anayeeleza itifaki yoyote ya intaneti.

Ya pili ni makala yaliyotathminiwa na wanataaluma wenza. Hapa mwanaisimu anapaswa kujihadhari na mazoea ya taaluma yake. Katika isimu, jarida huhesabiwa kuwa na uzito kuliko kumbukumbu za mkutano. Katika sayansi ya kompyuta, mikutano mikubwa hutathmini makala kwa ukali, na matokeo mengi muhimu hutangazwa huko kwanza. Kwa anayeshughulikia uchakataji wa lugha, hazina ya ACL Anthology huhifadhi makala ya mikutano na majarida ya nyanja hiyo na kuyatoa bila malipo. Faharasa ya DBLP, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, mwaka 1993, husaidia kuhakiki kama makala fulani yapo na yalichapishwa wapi.

Ya tatu ni hifadhi za makala yasiyotathminiwa bado. Iliyo mashuhuri zaidi ni arXiv, iliyoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991. Kuwamo humo si uthibitisho kwamba makala yamekaguliwa na wanataaluma wenza. Makala ya Vaswani na wenzake yaliyoasisi muundo uitwao Transformer, ambao ni msingi wa mitambo mingi ya leo ya lugha, yaliwekwa arXiv mwezi Juni 2017 na kuwasilishwa mkutanoni mwezi Desemba mwaka huohuo. Mengine hukaa humo bila kupita popote. Mtafiti hana budi kueleza ni toleo gani alilolisoma na kuangalia kama lipo jingine lililokwisha kutathminiwa.

Ya nne ni data na msimbo wenyewe. Makala yakidai kwamba programu fulani inatafsiri Kiswahili vizuri, ushahidi wa dai hilo ni sentensi zilizotumiwa katika jaribio. Zikiwa zimewekwa wazi, msomi wa Kiswahili anaweza kuzisoma na kutoa hukumu ambayo mhandisi asiyeijua lugha hawezi kuitoa.

4.0 Kiswahili katika mizani

Hatua ya kuzisoma data zenyewe mara nyingi huachwa, na madhara yake yameonekana. Mwaka 2022, Julia Kreutzer na wenzake wengi, wakiwamo watafiti wa Kiafrika, walichapisha ukaguzi wa mikusanyo mitano mikubwa ya matini zilizovunwa mtandaoni. Walizikagua kwa macho sehemu 205, kila moja ikihusu lugha yake. Angalau 15 kati yake hazikuwa na matini yoyote yenye kufaa, na katika nyingine nyingi sentensi zinazokubalika hazikufika nusu. Wakaguzi walikuta pia lugha zilizopewa majina yasiyo yake. Mikusanyo hiyo ilikuwa ikitumiwa kuifundisha mitambo ya lugha, na makala yaliyoitegemea yaliitaja kwa majina na takwimu zenye kuvutia.

Utafiti mwingine, wa Brian Thompson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2024, ulichunguza tafsiri zilizoenea katika wavuti. Uligundua kwamba matini zilizopo katika lugha nyingi kwa wakati mmoja aghalabu ni za ubora hafifu na yaelekea zilitafsiriwa na mashine. Katika lugha zenye matini chache, matini za namna hiyo ndizo sehemu kubwa ya kilichopo. Kwa hiyo, mtafiti anayekusanya Kiswahili cha mtandaoni bila kuuliza asili yake anaweza kuwa anachunguza lugha ya mashine akidhani ni lugha ya watu.

Hata jina la lugha linahitaji uangalifu. Katika mfumo wa kimataifa wa misimbo ya lugha, Kiswahili kina msimbo wa herufi mbili, sw. Katika orodha ya ISO 639-3 msimbo swa huwakilisha Kiswahili kwa ujumla wake, swh Kiswahili cha mwambao na sanifu, na swc Kiswahili cha Kongo. Baadhi ya mikusanyo ya data hutumia msimbo mmoja na mingine hutumia mwingine. Anayetafuta kwa sw pekee anaweza kuikosa data iliyoandikwa swh, na anayechanganya swh na swc anaweza kulieleza umbo la Lubumbashi kana kwamba ni kosa la Dar es Salaam.

Istilahi za kompyuta nazo zinaonyesha kwamba kila swali lina shahidi wake. Mara nyingi huulizwa neno sahihi ni lipi: kompyuta au tarakilishi. Orodha nyingi za mtandaoni hutoa jibu moja bila kutaja nchi wala mwaka. Ilhali tarakilishi limeenea katika vitabu vya shule vya Kenya, kompyuta ndilo lililozoeleka Tanzania. Orodha isiyoeleza ilitungwa wapi, lini na nani haiwezi kuamua suala hilo.

Vilevile, mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ya Uswidi ya IT+46, walitoa toleo la Kiswahili la programu ya ofisi ya OpenOffice lililoitwa Jambo. Mwaka huohuo kampuni ya Microsoft ilitangaza mpango wake wa kuzifasiri programu zake kwa Kiswahili. Istilahi zilizomo katika programu za namna hiyo ni ushahidi thabiti wa uteuzi wa wafasiri. Si ushahidi kwamba watu wanazitumia. Kwa swali la matumizi, shahidi anayefaa ni kongoo, yaani mkusanyiko wa matini uliopangwa kwa ajili ya uchunguzi. Kongoo la Kiswahili la Helsinki, lililoasisiwa na Arvi Hurskainen, lina takribani maneno milioni 25 katika toleo lake la pili, na vyanzo vya matini zake vinajulikana. Hesabu ya matokeo inayotolewa na mtambo wa kutafutia haiwezi kuchukua nafasi yake, kwa kuwa ni makadirio yanayobadilika na hurudia kurasa zilizonakiliwa.

5.0 Vyanzo vya uongo na vyanzo vilivyopotea

Hatari ya kwanza ni uchapishaji wa kilaghai: majarida na mikutano inayodai kutathmini makala ilhali inachotaka ni ada. Mwaka 2005 wanafunzi watatu wa chuo cha MIT, Marekani, waliunda programu iitwayo SCIgen, inayotunga makala ya sayansi ya kompyuta yasiyo na maana yoyote. Moja ya makala hayo lilikubaliwa na mkutano mmoja mwaka huohuo. Kilichoanza kama mzaha kikageuka kuwa fedheha. Mwaka 2014, baada ya uchunguzi wa Cyril Labbé wa Ufaransa, wachapishaji Springer na IEEE waliondoa zaidi ya makala 120 ya namna hiyo yaliyokuwa yamepenya katika machapisho yao. Funzo ni kwamba jina kubwa la mchapishaji hupunguza hatari lakini haliiondoi. Makala yenyewe lazima yasomwe.

Hatari ya pili ni marejeo yasiyokuwapo. Mitambo ya akili mnemba inayotunga matini huweza kutoa jina la mwandishi, anwani ya makala na mwaka kwa ufasaha mkubwa, wakati makala hayo hayajapata kuandikwa. Mwezi Juni 2023 mahakama moja ya New York, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hukumu za kesi zilizobuniwa na mtambo wa aina hiyo. Mtambo huo unaweza kumsaidia mtafiti kupata maneno ya kutafutia. Hauwezi kuwa shahidi, kwa kuwa hauna pale uliposimama ukaona.

Hatari ya tatu ni kupotea kwa kurasa. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitangaza mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye. Dawa yake ni mbili. Kwanza, makala ya kitaalamu yatajwe kwa kitambulisho cha kudumu cha DOI panapokuwa nacho, si kwa anwani ya ukurasa pekee. Pili, ukurasa usio na kitambulisho uhifadhiwe katika hifadhi ya Wayback Machine, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, na tarehe ya nakala iandikwe.

6.0 Mfano wa ufuatiliaji

Inafaa sasa kutazama kauli moja ikifuatwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi anayeandaa somo la Kiswahili kuhusu mitandao anakuta katika kurasa kadhaa kwamba itifaki ya TCP, inayohakikisha data zinafika kamili na kwa mpangilio, imefafanuliwa katika hati ya RFC 793. Kurasa zote zinakubaliana, na baadhi zinatumia maneno yaleyale.

Hatua ya kwanza ni kutambua kwamba kauli yenyewe inataja chanzo. Haifai kukinukuu chanzo hicho kwa mdomo wa mwingine ilhali kinaweza kufikiwa. Hatua ya pili ni kuifungua hati yenyewe katika tovuti ya mhariri wa mfululizo wa RFC. Hapo mwanafunzi anaona kwamba ni ya Septemba 1981. Hatua ya tatu ni kutazama hali ya hati. Taarifa zake zinaonyesha kwamba imepitwa na RFC 9293 ya Agosti 2022. Kwa hiyo, kauli iliyorudiwa na kurasa zote hizo ilikuwa kweli kwa miaka mingi, lakini si kweli tena.

Hatua ya nne ndiyo inayohitaji busara: kuamua chanzo kipi kinalifaa swali. Somo likihusu itifaki ilivyo leo, shahidi ni RFC 9293. Likihusu historia ya intaneti, RFC 793 inabaki kuwa ushahidi bora kuliko muhtasari wowote wa baadaye. Hatua ya mwisho ni kuandika nambari ya hati, mwaka, na tarehe iliposomwa, ili msomaji aweze kupita njia ileile na kukosoa.

Njia hii huchukua dakika chache. Kwa makala yaliyofungwa kwa malipo kazi huwa ngumu zaidi, ila milango ipo. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, hukusanya majarida yanayochapishwa barani Afrika. Mpango wa Research4Life huziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya kimataifa bure au kwa gharama ndogo, na programu yake ya ARDI inahusu hasa sayansi na teknolojia. Mwanafunzi anapaswa kuuliza katika maktaba ya chuo chake kama imejisajili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba kutafuta chanzo cha kuaminika mtandaoni ni kazi ileile ya kale ya kuhakiki mapokezi ya matini, iliyopewa vyombo vipya. Wingi wa kurasa si wingi wa mashahidi. Shahidi hutambuliwa kwa jina, tarehe, ushahidi wake, na utayari wake wa kusahihishwa. Na shahidi anayefaa swali moja huenda asifae jingine.

Wanaisimu na wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi ambayo mhandisi hana. Wao wanaweza kuifungua data iliyoitwa ya Kiswahili, wakaisoma, na kusema kama ni Kiswahili au la. Nafasi hiyo ina wajibu wake. Kila tasnifu inayonukuu orodha isiyo na mwenyewe huiongezea nakala moja, na mtafiti wa kesho ataihesabu nakala hiyo kuwa shahidi mwingine. Anayeifuata kauli hadi asili yake, kisha akaandika wazi alikoipata na inakoishia nguvu yake, humwachia mtafiti huyo kitu anachoweza kukipima.